Intaneti ya hewani Eastlands: nafasi ya kukua ipo, lakini mzizi wake ni waya

Karibu intaneti yote inayotumika Nairobi huingia nchini kupitia Mombasa. Tangu mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika nchi kavu, na baadaye zikafuatwa na EASSy, LION2, DARE1 na PEACE, ufuo wetu umekuwa lango la data la Kenya na la majirani wa bara. Hata hivyo, mashindano ya kumuuzia mtu wa kipato kidogo intaneti ya nyumbani kwa bei anayoimudu hayakuanzia Kisauni wala Likoni. Yalianzia kwenye mabanda na ploti za Nairobi, na leo mitaa ya Eastlands ni mmoja wa viwanja vyake vikubwa. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi.

Makala haya yanaeleza intaneti isiyotumia waya, ambayo hapa tutaiita intaneti ya hewani, imefikia wapi katika mitaa hiyo, nini kinaikuza, nini kinaizuia, na soko lake linaelekea wapi. Yanamhusu mwenye jamaa anayekodi chumba Umoja au Pipeline, na yanamhusu pia anayeishi Bombolulu au Mtongwe na kujiuliza kwa nini bado anaishi kwa bando za siku.

Eastlands ni wapi

Eastlands si mtaa mmoja. Ni jina la upande wote wa mashariki ya jiji la Nairobi, kuanzia Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na Jericho, hadi Buruburu, Umoja, Donholm, Kariobangi, Dandora, Kayole, Komarock, Tassia na Pipeline. Mitaa hiyo ilijengwa kwa nyakati tofauti na kwa fedha tofauti. Kaloleni ni ya miaka ya 1940. Dandora ilianza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu wakigawiwa viwanja vyenye maji na choo ili wajijengee wenyewe. Umoja ilijengwa muongo huohuo kwa msaada wa Marekani, na Buruburu ikajengwa kwa awamu kwa ajili ya watu wa kazi za ofisini.

Msomaji wa Pwani hana haja ya kujiona mgeni huko. Pumwani, ambayo wengi huiita Majengo, iliasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama makazi ya Waafrika mjini. Tangu mwanzo Waislamu na Waswahili walikuwa na sauti pale, na nyumba zake za zamani zilifuata ramani tunayoijua: ukumbi katikati na vyumba vya kupangisha kulia na kushoto.

Kwa muuza intaneti, jambo kubwa la Eastlands ni wingi wa watu katika eneo dogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 988,808 katika kaunti ndogo ya Embakasi pekee, na wengine 626,482 katika Njiru. Umoja na Pipeline zimejaa ploti za ghorofa sita, saba na zaidi, kila ghorofa ikiwa na vyumba vya mtu mmojammoja au bedsita. Paa moja la ploti ndefu huona mamia ya madirisha. Hilo ndilo linalompa mwenye mtambo wa hewani matumaini, na kama tutakavyoona, ndilo linalompa shida pia.

Intaneti ya hewani ni ipi

Watu huchanganya mambo manne ambayo si kitu kimoja.

La kwanza ni intaneti ya simu, yaani 3G, 4G na 5G. Mnara wa kampuni ya simu hurusha mawimbi kwa masafa ambayo kampuni imeyalipia leseni. Mteja hununua bando, na bando likiisha intaneti hukatika au hupungua kasi. Safaricom ilizindua 4G Nairobi na Mombasa Desemba 2014, na 5G ya biashara Oktoba 2022. Airtel ikafuata na 5G yake mwaka 2023.

La pili ni intaneti ya nyumbani inayopita hewani. Hapa mtoa huduma huweka antena juu ya paa refu, na mteja huwekewa kisahani kidogo dirishani au juu ya paa lake. Kutoka kwenye kisahani hicho waya mfupi huingia ndani hadi kwenye ruta, na ruta ndiyo inayotoa waifai chumbani. Watoa huduma wengi wadogo hutumia masafa ya gigahezi 5, ambayo hayahitaji kununuliwa. Kampuni za simu nazo huuza aina hii kwa kutumia minara yao ya 5G.

La tatu ni waifai ya mtaani, inayouzwa kwa saa au kwa siku. Mteja anaunganisha simu, ukurasa wa malipo unatokea, analipa kwa M-Pesa, anafunguliwa. Hahitaji kisahani wala mkataba.

La nne ni setilaiti. Starlink iliingia Kenya Julai 2023. Kisahani chake huelekezwa mbinguni, hivyo hakihitaji mnara wowote jirani.

Hakuna hata moja kati ya hizi nne inayokwepa waya kabisa. Antena ya paa la Kayole lazima ipate intaneti yake mahali fulani, na mahali hapo aghalabu ni faiba iliyopita barabarani. Nyuma ya faiba hiyo kuna njia ndefu hadi Mombasa na baharini. Hata setilaiti hushusha data yake kwenye kituo cha ardhini kilichounganishwa na faiba. Hewa ni hatua ya mwisho tu ya safari. Mtoa huduma asiye na waya mzuri nyuma yake huuza kasi asiyokuwa nayo.

Majaribio yaliyopita

Soko hili limeona ahadi nyingi. Kabla ya 2009, Kenya ilitegemea setilaiti za zamani kuunganishwa na dunia, na bei ilikuwa ya mashirika. Wakati huohuo kampuni kadhaa zilileta teknolojia ya WiMAX, iliyosifiwa kuwa ingefikisha intaneti majumbani bila waya. Ilifika kwenye ofisi na kwa wenye uwezo. Vifaa vyake vilikuwa ghali, na 3G ya simu ikaipita mbio.

Katika muongo wa 2010 likaja wimbi la waifai ya bure au ya karibu bure. Matatu za Nairobi zilibandikwa matangazo ya waifai, kwanza ya Vuma Online, baadaye ya Moja, huduma ya kampuni ya BRCK ya Nairobi. Facebook nayo ilileta Express Wi-Fi ikishirikiana na watoa huduma wa hapa. Mengi ya haya yalitegemea matangazo ya biashara au mfuko wa mwekezaji wa ng'ambo. Meta ilifunga Express Wi-Fi mwaka 2022 duniani kote. Hata maputo ya Loon, yaliyorushwa angani na kampuni mama ya Google kwa kushirikiana na Telkom Kenya mwaka 2020, yalisitishwa mwaka uliofuata.

Kilichobaki hai ni kile ambacho mteja alikilipia mwenyewe, kidogo, kila mwezi. Poa Internet ilianzia Kibera ikiuza intaneti ya nyumbani isiyopimwa kwa takriban shilingi 1,500 kwa mwezi, ikapanuka hadi mitaa mingine ya Nairobi na miji ya jirani. Januari 2022 ilipata mtaji wa dola milioni 28 ukiongozwa na Africa50. Katika takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano za miaka iliyofuata, kampuni hiyo imekuwa na zaidi ya mteja mmoja katika kila wateja kumi wa intaneti ya nyumbani na ofisini nchini, ikikaa orodha moja na Safaricom, Faiba ya Jamii Telecommunications na Zuku. Majina kama Ahadi Wireless na Vilcom nayo yameingia kwenye orodha hiyo. Miaka kumi iliyopita hakuna aliyetarajia kampuni iliyoanza na wateja wa mabanda ingetajwa karibu na Zuku.

Hesabu ya shilingi 1,500

Kwa nini bei hiyo imefanya kazi? Shilingi 1,500 kwa mwezi ni shilingi 50 kwa siku. Mtu anayenunua bando dogo la simu kila siku hutumia kiasi kama hicho au zaidi, na bado huishi kwa kuhesabu. Video ya darasa ya saa moja, kwa ubora wa wastani, yaweza kula karibu gigabaiti moja. Mama mwenye watoto wawili wanaofuata masomo, na yeye mwenyewe anauza nguo kupitia WhatsApp, hawezi kuishi kwa bando la siku bila mmoja wao kunyimwa.

Tofauti kubwa iko kwenye uhuru wa kutohesabu. Huduma za serikali zimehamia eCitizen, ushuru hulipwa mtandaoni, mikopo ya wanafunzi na nafasi za vyuo huombwa mtandaoni, na vijana wengi wa Eastlands hutafuta vibarua mtandaoni. Asiyekuwa na intaneti ya nyumbani hulipa kwa njia nyingine: nauli ya kwenda saiba, foleni, na siku ya kazi iliyopotea. Megabiti nne au tano ambazo mtu wa Kilimani angezicheka zinamtosha aliyekuwa hana kitu. Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Faiba ya kampuni kubwa ina kasi zaidi. Kifurushi cha chini cha Safaricom cha nyumbani ni shilingi 2,999 kwa megabiti 15 kwa sekunde tangu maboresho ya 2024. Kwa kasi peke yake, huo ni ununuzi bora. Lakini mtu anayelipa kodi ya chumba ya elfu tano au sita haulizi bei ya megabiti moja. Anauliza kama mwisho wa mwezi atakuwa na noti ya kulipia. Kati ya shilingi 1,500 na 2,999 kuna familia nyingi sana, na hapo ndipo soko la hewani linapoishi.

Nafasi iliyobaki ni kubwa. Sensa ya 2019 ilihesabu kaya zaidi ya milioni 12 Kenya. Mwisho wa 2024, laini za intaneti ya nyumbani na ofisini nchini kote zilikuwa bado chini ya milioni mbili, ilhali laini za intaneti ya simu zilikuwa zimepita milioni 50. Wakenya wako mtandaoni kupitia simu mkononi. Nyumba zao bado.

Msongamano ni faida, na ni hasara

Paa moja linaloona vyumba mia tano hupunguza gharama ya kumfikia kila mteja. Antena, nguzo, kodi ya paa na fundi hugawanywa kwa wengi. Ndiyo maana mtoa huduma anaweza kuuza kwa bei ndogo Pipeline na asiweze mashambani.

Lakini hewa ni kama barabara, na magari yakizidi haiendi. Katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo simu na ruta za bei nafuu hutumia, kuna njia tatu tu zisizoingiliana. Ghorofa moja ikiwa na ruta ishirini, zote zinapiga kelele kwenye njia hizo tatu. Gigahezi 5 ina nafasi kubwa zaidi, ila mawimbi yake hayapendi kuta za mawe wala ghorofa jipya lililojengwa mbele ya kisahani chako. Mteja aliyekuwa anaona antena vizuri mwezi wa tatu anaweza kuamka mwezi wa tisa akiona ukuta. Kenya tayari imeruhusu sehemu ya chini ya gigahezi 6 itumike bila leseni, na hilo litapunguza msongamano kwa wenye vifaa vipya. Simu za bei ya chini zitachukua muda kufika huko.

Kuna pia hesabu ya kugawana. Tuseme antena moja ya paa ina uwezo wa megabiti 300. Ikihudumia nyumba 60 zilizoahidiwa megabiti nne kila moja, zote zikitumia kwa pamoja zinahitaji 240, na hakuna anayelalamika. Mtoa huduma akiongeza hadi nyumba 120, ahadi inakuwa 480. Mchana hutahisi, kwa kuwa wengi wako kazini. Saa tatu usiku, kila mtu akiwa kwenye filamu au mpira, utahisi. Kuuza zaidi ya uwezo ni jambo la kawaida katika biashara hii kote duniani. Swali ni kwa kiasi gani, na mteja hana njia rahisi ya kujua.

Setilaiti imeonyesha upande wa pili wa shida hiyohiyo. Starlink ilipoleta mwaka 2024 njia ya kukodi mtambo kwa shilingi 1,950 kwa mwezi na kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300, wateja walimiminika. Novemba mwaka huo ikasimamisha kuandikisha wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa, na haikufungua tena hadi katikati ya 2025. Wakati huo ilikuwa na wateja takriban 19,000 tu nchi nzima. Setilaiti hutawanya uwezo wake juu ya eneo pana. Inamfaa mtu wa Tana River aliye peke yake kwenye kilomita kumi za mraba kuliko ploti yenye vyumba themanini. Anayetarajia setilaiti ikomboe Eastlands atasubiri.

Mwenye ploti, stima na nguzo

Mambo mengine yanayoamua ukuaji hayahusu mawimbi hata kidogo.

La kwanza ni mwenye ploti. Paa ni lake, ngazi ni zake, na ufunguo uko kwa msimamizi wake. Akikubaliana na mtoa huduma mmoja na kumfungia mwingine, wapangaji wote wamechaguliwa bila kuulizwa. Ushindani ambao takwimu za nchi zinauonyesha huenda usionekane kabisa ndani ya lango moja.

La pili ni stima. Ruta, kisahani na antena ya paa vyote hula umeme. Stima ikipotea kwenye ploti, intaneti ya nyumbani inakufa hata kama mtaa wa pili una taa, na watu hurudi kwenye bando la simu. Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Mtoa huduma aliyeweka betri za kutosha juu ya paa hupata sifa siku kama hizo, lakini betri ni gharama, na wezi wanazijua.

La tatu ni nguzo. Faiba ya mitaani mara nyingi hutundikwa kwenye nguzo za Kenya Power, na shirika hilo hutoza kodi. Hapo ndipo hewa na waya vinaposhindana waziwazi. Kila faiba inapofika mlangoni pa ploti, mteja mwenye uwezo huhama kisahani. Kampuni za hewani zimeliona hilo, na baadhi zimeanza kuvuta faiba zenyewe katika mitaa yenye wateja wengi, hewa ikibaki kuwa njia ya kufungulia mtaa mpya.

La nne ni umbali wa mzizi wenyewe. Februari 2012 nanga ya meli iliukata waya wa TEAMS karibu na bandari ya Mombasa. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Kenya na Tanzania zikahisi. Mtoa huduma mdogo anayenunua uwezo kwa muuzaji mmoja aliye kwenye waya mmoja huanguka wa kwanza.

Leseni na kodi

Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutaka kila anayeuza intaneti awe na leseni. Katika mitaa ya Eastlands wako vijana wanaonunua laini moja ya faiba, wakanunua vifaa vya MikroTik, wakaunganisha ukurasa wa malipo ya M-Pesa na kuuzia majirani. Wengine wameandikishwa chini ya kampuni zenye leseni. Wengine hawana chochote. Kwa sheria hao wa pili wako hatarini, na wateja wao pia, maana hakuna pa kulalamikia.

Kufungia vijana hao si dawa. Wao ndio wanaofika ghorofa ya saba usiku kurekebisha waya, na ndio wanaokubali kulipwa shilingi kumi kumi. Mwaka 2021 Mamlaka ilianzisha aina ya leseni kwa mitandao ya kijamii, yenye ada ndogo na mipaka ya eneo. TunapandaNET ya Kibera imeonyesha kwamba jamii inaweza kuendesha mtandao wake kwa ajili ya shule na vituo vya vijana. Kinachokosekana ni daraja la katikati, kwa mfanyabiashara mdogo halali anayehudumia ploti ishirini: si shirika la kijamii, na hawezi kubeba masharti ya kampuni ya nchi nzima.

Kodi nayo ina uzito. Ushuru wa bidhaa kwa huduma za intaneti ulipandishwa kutoka asilimia 15 hadi 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Ukizijumlisha, katika kila shilingi 1,500 anayolipa mteja wa Dandora, karibu shilingi 376 ni za serikali. Kwa soko linaloishi kwa tofauti ya mia mbili, hiyo ni robo ya maisha. Mwaka 2025 uliletwa bungeni mswada wa kutaka kila mteja wa intaneti awe na mita, kama ya stima. Ukipitishwa jinsi ulivyo, utaigusa moja kwa moja nguvu ya bei ya kudumu isiyopimwa, ambayo ndiyo iliyowafungulia mlango watu wa kipato kidogo.

Soko linaelekea wapi

Kutokana na haya yote, yako mambo matatu yanayoweza kusemwa bila kubahatisha sana.

Intaneti ya hewani itaendelea kukua Eastlands, lakini kama hatua ya mwisho na kama mtangulizi wa faiba. Inaweza kufungua ploti mpya kwa siku moja, bila kuchimba barabara. Wateja wakishakuwa wengi, waya utafuata.

5G ya nyumbani itachukua wateja wa juu. Safaricom peke yake ilikuwa na vituo zaidi ya 1,000 vya 5G nchini kufikia 2024, na kampuni za simu zina faida ya masafa yasiyoingiliwa na ruta za jirani. Iwapo bei yao ya chini itashuka hadi karibu shilingi 2,000, kampuni ndogo zitabanwa. Ikibaki karibu 3,000, ndogo zitaishi.

Na kampuni zitakazodumu ni zile zitakazokuwa na njia zaidi ya moja ya kupata intaneti nyuma ya antena, zitakazopatana na wenye ploti bila kuwafungia wapangaji, na zitakazoacha kuongeza wateja paa linapojaa. Mteja wa shilingi 1,500 hana mkataba. Akichoka, mwezi ujao halipi.

Funzo kwa Pwani

Kisauni ilikuwa na watu 291,930 katika sensa ya 2019, na Likoni 250,358. Hao ni wateja wa kutosha kwa mtoa huduma yeyote. Lakini maumbile ya huku ni mengine. Nyumba nyingi ni za chini, za paa la mabati au la makuti, na kati yake kuna minazi na miembe inayokata mawimbi. Antena inayohudumia ploti kumi Pipeline itahudumia nyumba chache Mtongwe. Chumvi ya bahari hula chuma na maungio ya waya. Kwa hivyo nakala ya moja kwa moja ya Eastlands haitafanya kazi kila mahali. Majengo ya Mombasa, Tudor na Bamburi zenye ghorofa zinaweza kuifuata. Kwingine tutahitaji nguzo ndefu za pamoja, misikiti na shule zikikubali kubeba antena, na faiba ifike karibu zaidi.

Kuwa na waya ufuoni hakutoshi. Data inayotua Nyali hupita ardhini hadi Nairobi ikiwa imeshauzwa kwa jumla, na sisi huinunua rejareja kama wengine. Watu wa mabanda ya Nairobi walipata nafuu kwa sababu mtu alikaa chini akauliza: huyu jirani yangu anaweza kulipa ngapi kwa mwezi, na nifanye nini nimfikie kwa bei hiyo? Swali hilo kaunti zetu, vyama vya akiba na mikopo, na vijana wetu mafundi wanaweza kuliuliza bila kungoja mtu aje kutoka Nairobi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwa anayetaka kuunganishwa, awe Eastlands au Pwani, haya yatamsaidia.

Kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, au inafanya kazi chini ya yenye leseni? Omba jina lake kamili.

Kasi uliyoahidiwa ni ya saa ngapi? Mtembelee jirani aliyeunganishwa saa tatu usiku, uone mwenyewe video inavyocheza.

Kisahani na ruta ni vyako au vya kampuni, na ukihama ploti gharama ni ngapi?

Malipo ni ya kudumu kwa mwezi, au kuna kiwango ambacho ukikipita kasi inashushwa?

Stima ikipotea, antena ya paa ina betri ya saa ngapi?

Kukitokea hitilafu, fundi huchukua siku ngapi, na siku hizo unarudishiwa?

Na ikiwa mwenye ploti amekataza kampuni zote isipokuwa moja, wapangaji wazungumze naye kwa pamoja. Mpangaji mmoja ni rahisi kumpuuza. Wapangaji thelathini wanaolipa kodi kwa wakati wana uzito, na kampuni ya pili ikiingia langoni, ya kwanza nayo huanza kupokea simu.